Sifa za Mtunga Swali

Mwaka 1988 Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, mashindano ya wanafunzi wa sekondari, ilifanyika Canberra, Australia. Kamati ya wenyeji ya watu sita, iliyokuwa ikichambua maswali yaliyoletwa na nchi mbalimbali, ilikutana na swali moja lililotoka Ujerumani Magharibi. Wote sita hawakuliweza. Wakalipeleka kwa mabingwa wanne wa nadharia ya namba, waliosifika kuliko wote nchini Australia, wakawaomba walishughulikie kwa saa sita. Saa sita zikaisha, jawabu hakuna. Kamati ikaliwekea nyota mbili, alama ya kuonya kwamba ni gumu mno na huenda halifai, kisha ikawaachia majaji waamue. Majaji wakabishana sana; mwishowe wakajipa moyo, wakalifanya swali la sita, la kufungia mashindano. Vijana kumi na mmoja wakalijibu bila dosari.

Kisa hiki alikiandika Arthur Engel, mwalimu wa Kijerumani aliyeifundisha timu ya nchi yake, na tangu hapo kimekuwa kikisimuliwa kuwasifu wale kumi na mmoja. Wanastahili. Mmoja wao, Ngô Bảo Châu wa Vietnam, alikuja kutunukiwa Nishani ya Fields mwaka 2010. Terence Tao wa Australia, aliyetimiza miaka 13 mwezi uleule wa mashindano na kupata medali ya dhahabu, aliambulia alama moja tu kati ya saba katika swali hilo. Naye baadaye akawa miongoni mwa wanahisabati wakubwa wa zama zetu. Lakini sifa zangu leo nazipeleka kwa mtu ambaye hapandi jukwaani wala havishwi nishani. Nazipeleka kwa aliyelitunga.

Swali lenyewe halizidi mistari miwili. Chukua namba mbili kamili, zote kubwa kuliko sifuri. Zizidishe, uongeze moja. Halafu tafuta kipeo cha pili cha kila moja, uvijumlishe. Sasa gawa jumla hiyo kwa ile namba uliyoipata mwanzo, baada ya kuzidisha na kuongeza moja. Mara nyingi kutakuwa na baki. Lakini pale ambapo hakuna baki, thibitisha kwamba jawabu ni lazima liwe kipeo cha pili cha namba kamili. Jaribu 2 na 8: 68 kwa 17, unapata 4. Jaribu 3 na 27: 738 kwa 82, unapata 9. Jaribu 8 na 30: 964 kwa 241, ni 4 tena. Hutapata 5, hutapata 7. Mtoto wa darasa la saba aliyekwisha kusumbuliwa na vigawe na vigawo anaelewa kabisa kinachoulizwa, na profesa anakuna kichwa.

Nalieleza jawabu lake kwa kuwa ndimo ufundi wa mtunzi ulimo. Shika ile jozi ya 30 na 8, yenye jawabu 4. Acha 8 na 4 mahali pake, kisha uliza: ni namba gani nyingine ingeweza kukaa pale ilipo 30, jawabu lisibadilike? Kuuliza hivyo ni kuandika mlinganyo wa kipeo cha pili, na mlinganyo wa namna hiyo huwa na majibu mawili. La kwanza ni 30 yenyewe. La pili ni 2. Kwa hiyo 8 na 2 nazo zinatoa 4. Rudia: shika 2, ondoa 8, tafuta wa kuingia mahali pake, na anayeingia ni 0. Umeshuka ngazi ya 30, 8, 2, 0, na jawabu halikubadilika hata mara moja. Sasa ukiwa na sifuri mkononi, zao la namba mbili limetoweka na kigawanyo kimebaki moja tupu. Kilichobaki juu ni kipeo cha pili cha 2, basi. Ndiyo maana jawabu lilikuwa 4 tangu juu kabisa. Kila jozi isiyo na baki ina ngazi yake, na kila ngazi huishia kwenye sifuri.

Hakuna kitu kigeni hapo. Uhusiano wa majibu mawili ya mlinganyo na namba zilizomo ndani yake François Viète wa Ufaransa aliufahamu katika karne ya 16, na leo hufundishwa sekondari. Kila kijana aliyeketi kwenye ukumbi ule wa Canberra alikuwa nao. Mtunzi alichukua kitu ambacho wote walikuwa nacho, akakiweka mahali ambapo hakuna aliyezoea kukitafuta. Wazee wetu waliujua ufundi huu kabla ya daftari na kalamu. Mtu anayetega kitendawili kuhusu kitu ambacho wasikilizaji hawajapata kukiona amevunja adabu ya mchezo. Hata akipewa mji, mji huo hauna heshima. Lakini akitega juu ya yai, yai ambalo kila mmoja amelishika asubuhi hiyohiyo, na wote wakashindwa, basi mji anaopewa ni wa haki, na anayeutoa hutoa akicheka kwa furaha ya kuonyeshwa kilichokuwa mkononi mwake.

Kwa hiyo ugumu peke yake haunivutii. Kuna maswali magumu ambayo ni ubabe mtupu: hesabu ndefu za kumchosha mtoto, au maneno yaliyopindwa makusudi ili asome vibaya. Anayetunga hivyo anamvizia mtahiniwa. Swali jema linamheshimu. Linamwambia wazi kila anachohitaji, kisha linamwachia muda.

Tazama swali jingine, ambalo mwanafalsafa Max Black aliliingiza kitabuni mwaka 1946, na ambalo walimu wa mashindano hawaachi kulitumia. Ubao wa sataranji una miraba 64. Kata mraba mmoja wa kwenye pembe, na mwingine wa pembe inayouelekea, mshazari kwa mshazari. Imebaki 62. Una vipande 31 vya dhumna, kila kipande kinafunika miraba miwili iliyopakana. Je, vitatosha kuufunika ubao wote? Hesabu inasema ndiyo, 31 mara mbili ni 62. Mtoto anaanza kupanga. Anakwama. Anapangua, anaanza upande mwingine, anakwama tena na miraba miwili isiyogusana. Mpaka atakapoangalia rangi. Pembe mbili zilizokatwa zilikuwa za rangi moja. Kwa hiyo imebaki miraba 32 ya rangi hii na 30 ya ile. Na kila kipande cha dhumna, ukiweke vyovyote utakavyo, hufunika mmoja wa kila rangi. Haiwezekani, na hakuna haja ya kujaribu tena. Rangi zilikuwapo muda wote mbele ya macho yake. Nimeliona swali hili likimnyamazisha mwanafunzi aliyekuwa na jibu la kila kitu, na mwenzake ambaye hajawahi kuongoza darasa akaonyesha ubao kwa kidole na kusema, "Mwalimu, nyeupe ni chache." Mitihani ya kukariri haimpi mtoto huyo nafasi ya kujulikana.

Narudi kwa ile kamati ya watu sita, maana ndani yake walikuwamo mume na mke, George na Esther Szekeres, na maisha yao yanaonyesha swali linaweza kumfikisha mtu wapi. Wote wawili walizaliwa Hungaria, nchi ambayo tangu mwaka 1894 ina mashindano ya hisabati kwa wanaomaliza sekondari. Mwaka huohuo mwalimu mmoja wa mji wa Győr, Dániel Arany, alianzisha gazeti la hisabati kwa wanafunzi, ambalo hujulikana kwa kifupi kama KöMaL. Kila toleo lilikuja na maswali. Wanafunzi wakatuma majibu kwa posta, na majina ya waliojibu vizuri yakachapishwa, baadaye na picha zao pia. Vijana wa miji mbalimbali wakajuana kwa majibu kabla ya kukutana. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kundi lao likawa linakusanyika Budapest, kwenye bustani ya jiji, karibu na sanamu moja. Paul Erdős alikuwamo, George alikuwamo, na Esther, ambaye wakati huo aliitwa Esther Klein, ndiye aliyewaletea swali.

Alisema: weka nukta tano kwenye karatasi, popote upendapo, mradi zisiwepo tatu kwenye mstari mmoja ulionyooka. Siku zote utapata nne kati yake zinazounda pembenne isiyobonyea ndani. Kwa nini? Jibu lake ni zuri mno. Chukulia nukta ni misumari mitano ubaoni, uizungushie mpira unaovutika. Mpira ukigusa misumari minne au mitano, umekwisha kupata. Ukigusa mitatu tu, miwili imo ndani ya pembetatu. Piga mstari upite kwenye hiyo miwili. Lazima kona mbili za pembetatu ziwe upande mmoja wa mstari. Kona hizo mbili na misumari miwili ya ndani ndiyo pembenne yako.

Kisha wakauliza: kwa pembetano je? Zinatosha nukta tisa. Kwa pembesita ni 17, na uthibitisho wake, uliosaidiwa na kompyuta, ulichapishwa mwaka 2006, George akiwa mmoja wa waandishi wake. Zaidi ya hapo kuna makisio ya Erdős na George, lakini hakuna uthibitisho kamili mpaka leo. Swali la msichana mmoja bustanini limewalisha wanahisabati kwa zaidi ya miaka tisini. Mwaka 1937 Esther na George walioana, Erdős akalipa swali lile jina la Mwisho Mwema. Walikimbilia Shanghai wakati Wayahudi wakiwindwa Ulaya, mwaka 1948 wakahamia Adelaide, na huko Australia Esther akaendelea kuwatungia na kuwafundisha wanafunzi wa sekondari. Walifariki siku moja, tarehe 28 Agosti 2005, wakipishana kwa muda usiozidi saa moja.

Mashindano ya kimataifa yalianza Romania mwaka 1959 kwa nchi saba. Siku hizi kila nchi inayoshiriki inaweza kupeleka hadi maswali sita, kamati ya mwenyeji huyachuja yabaki kama 30, na viongozi wa timu huchagua sita. Watahiniwa huyafanya kwa siku mbili, matatu kila siku, saa nne na nusu. Viongozi wanayatafsiri katika lugha anayoisoma kila mtoto. Jina la mtunzi haliandikwi kwenye karatasi ya mtihani.

Afrika ina Olimpiadi yake tangu mwaka 1987, ilipoanzia Rabat, Morocco. Nairobi iliipokea mwaka 2018 na Kigali mwaka 2023. Ile ya dunia nzima ilifika bara letu kwa mara ya kwanza mwaka 2014, Cape Town. Vijana wetu wanakwenda, na wanapojiandaa hunolewa kwa maswali yaliyotungwa Budapest, Moscow na Beijing. Ni maswali mazuri, wasiache. Ninachotaka ni walimu wa Singida na Kisumu wajizoeze kutunga, wakose mara nyingi, wapelekeane, wakosoane. Lugha haina upungufu: witiri na shufwa tunazo, namba tasa tunazo, na neno "thibitisha" kila mtoto analijua. Vitu vya kutungia vimejaa barazani.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Anza na kete mbili katika kila shimo. Kila hatua unachukua kete mbili kokote ziliko, na kila moja unaisogeza kwenye shimo linalopakana na lake: la mbele, la nyuma, la kulia au la kushoto. Rudia utakavyo. Je, waweza kufika mahali ambapo kete 63 zimo katika shimo moja, na iliyobaki imo katika shimo linalopakana nalo? Ukisema ndiyo, onyesha hatua zake. Ukisema hapana, thibitisha kwamba hakuna mfuatano wa hatua, uwe mrefu namna gani, utakaokufikisha hapo.