Mnara Mzuri, Lakini Shimo ni la Nani?

Juzi nilikaa karibu saa nzima mbele ya meza ya seremala mmoja hapa Suna, mjini Migori. Juu yake kulikuwa na mfano wa mnara wa mgodi, ule unaosimama juu ya shimo na kupandisha mawe. Kijana aliyeujenga alifuata ramani ya zamani na hakununua hata kipande kimoja kilicho tayari. Mbao ni vijiti vya aiskrimu alivyovichana kwa wembe. Gurudumu la juu ni spoku ya baiskeli iliyokunjwa. Kamba ya chuma ni uzi uliopakwa rangi ya viatu. Kipimo ni 1:48, yaani futi moja ya mgodi ni robo inchi mezani.

Wacha nianze na sifa, maana anastahili. Miguu ya nyuma ya mnara ameitanua kuelekea kwenye mashine ya kuvutia, kwa sababu kamba yenye mzigo huuvuta mnara upande huo. Mtu anayejenga kwa macho tu hukosea hapo. Huyu ameelewa ramani yake.

Shida yangu ni kibao kilichoandikwa "Macalder". Ramani yenyewe ni ya mgodi wa Marekani, karne ya 19. Macalder ni hapa kwetu Nyatike, mgodi wa shaba na dhahabu uliofungwa 1966. Tena chini ya mnara ametandika reli ya treni hadi ukingoni mwa ubao. Treni ilifika Kisumu 1901. Migori haijafika mpaka leo.

"Omera, hii reli inaenda wapi?" nikamuuliza.

Akacheka. "Inaishia hapo kwa ubao."

Nikacheka pia, lakini jibu hilo lilinikera njia nzima nikirudi nyumbani. Mjomba wangu huchimba dhahabu Nyatike. Hushuka kwa kamba, tochi kichwani, miti ikizuia udongo usianguke. Shimo lake halina ramani. Siku likiporomoka, waokoaji watauliza alichimba kuelekea wapi, na mtu ataonyesha kwa mkono tu: huko. Ule mnara wa Marekani tunaujua hadi msumari kwa sababu kuna mtu aliyelipwa kuuchora. Nani amelipwa kumchora mjomba?

Sehemu ya kweli zaidi ya kazi hii haimo kwenye ramani. Ndani ya sanduku la mawe, kijana ameweka mawe halisi kutoka Macalder, ameyaponda mpaka yakalingana na kipimo chake. Pale tu ndipo niliinama kutazama kwa karibu.

Kwa hivyo ombi langu kwake si abomoe mnara. Abadilishe kibao, kisha achukue tepu twende wote Nyatike. Tupime kina cha shimo, upana wake, kila mti na kila kona. Achore kwanza, ndipo ajenge. Mfano huo hautavutia kama mnara, maana shimo halina mengi ya kuonyesha mezani. Lakini kopi moja ya mchoro mjomba ataibandika ukutani mwa kibanda kilicho juu ya shimo, mahali ambapo kila mtu ataiona.