Namba ya Mkiani Haitoshi

Katika miji midogo ya Marekani, ndege ya kivita iliyostaafu haishangazi mtu. Utaikuta kwenye bustani ya mji, mbele ya ukumbi wa maveterani wa American Legion, au langoni mwa kiwanja kidogo cha ndege. Imeinuliwa juu ya nguzo za chuma, pua ikielekea angani, na chini yake pana kibao chenye majina ya wanajeshi waliofia vitani. Watoto wa mji wamekua wakiiona, na wengi hawajui hata ni ndege ya aina gani. Hata hivyo wapo wapenzi wa historia, wasiolipwa na mtu, wanaozisaka jeti hizi moja moja na kuziorodhesha.

Usakaji huo una maswali mawili, na mgeni katika shughuli hii huyachanganya. La kwanza ni ndege iko wapi. La pili ni ndege ipi hasa, kati ya maelfu zilizotoka kiwandani zikifanana. Swali la kwanza limekuwa jepesi tangu picha za setilaiti zilipoanza kupatikana bure. La pili bado linawatoa watu jasho, kwa sababu jibu lake mara nyingi si lile lililopakwa mkiani.

Wingi wa ndege zenyewe ndio mzizi wa tatizo. Vita Baridi iliviendesha viwanda vya ndege usiku na mchana. T-33, jeti ya mafunzo ya viti viwili iliyobuniwa na kampuni ya Lockheed na kuruka mara ya kwanza mwaka 1948, ilitengenezwa kwa idadi ya 6,557 ukijumlisha zile za Canada na Japani. F-86 Sabre zilipita 9,800. F-84F Thunderstreak zilikuwa 2,711. Teknolojia nayo ilikuwa inakimbia: jeti iliyotisha mwaka 1950 ilionekana imechoka kufikia 1960, na ilibidi ipelekwe mahali.

Nyingi zilipelekwa Davis-Monthan, kambi iliyo Tucson, Arizona, ambako mvua ni haba, kutu haina nguvu, na udongo ni mgumu kiasi kwamba ndege huegeshwa juu yake bila lami. Hapo kuna zilizonyofolewa vipuri, kuna zilizoyeyushwa zikawa aluminiamu tupu, na kuna zilizogeuzwa shabaha za kuruka bila rubani ili zitunguliwe na makombora. Chache ziligawiwa miji. Sheria ya shirikisho, kifungu cha 2572 cha Title 10, inaruhusu majeshi kutoa au kuazimisha vifaa vilivyopitwa na wakati kwa halmashauri za miji, makumbusho na vyama vya maveterani.

Ndege za Jeshi la Anga kwa kawaida huazimishwa tu. Mji hupewa jeti, hujenga msingi wa zege, huipaka rangi na kuifagilia viota vya ndege wa angani, lakini mwenye mali anabaki kuwa serikali, kupitia jumba la makumbusho la Jeshi la Anga lililoko Dayton, Ohio. Kwa jeti za wanamaji, mhusika yuko Pensacola, Florida. Wanamaji hawana mzaha na mali yao: mwaka 2004 serikali ilimfungulia kesi fundi mmoja wa Minnesota aliyeopoa mabaki ya ndege ya Vita Kuu ya Pili kutoka kwenye kinamasi cha North Carolina, ndege iliyokuwa imelala humo tangu miaka ya 1940. Kwa msakaji, ukali huo ni neema. Mali inayodaiwa kwa ukali huwa na karatasi, na karatasi hufuatika.

Lakini kwanza ndege ionekane. Picha nzuri za setilaiti za kibiashara huonyesha pikseli moja kwa kila sentimita 30 hadi 50 za ardhi. T-33 ina urefu wa mita 11.5, kwa hiyo kwa kipimo cha sentimita 50 inachukua pikseli 23 hivi. Zinatosha kuonyesha mabawa yaliyonyooka na matangi mawili ya mafuta kwenye ncha zake. F-4 Phantom ina upana wa mabawa unaokaribiana sana na wa T-33, mita 11.7 dhidi ya 11.85, ila ina urefu wa mita 19.2, na mabawa yake yamerudi nyuma. Anayepima upana peke yake atapotea. Anayepima vyote viwili hakosei. F-104 Starfighter haihitaji hata rula: mwili mita 16.7, mabawa mita 6.7 tu kutoka ncha hadi ncha.

Kivuli nacho kinasema mengi. Ndege iliyosimama kwa magurudumu yake hugusana na kivuli chake, ile iliyo juu ya nguzo kivuli chake kimejitenga na mwili. Jua likiwa nyuzi 45 juu ya upeo, umbali wa kutoka ndege hadi kivuli unalingana na kimo cha nguzo. Hivyo ndivyo jeti ya maonyesho inavyotofautishwa na ndege ya tajiri fulani iliyoegeshwa uwanjani, bila mtu kutoka nyumbani kwake. Pa kutafuta panajulikana pia: bustani zenye jina la Veterans au Memorial, maghala ya silaha ya National Guard, viwanja vya maonyesho ya kilimo. Ramani huria ya OpenStreetMap ina lebo yake mahususi kwa ndege za kihistoria, ingawa wanaoitumia wanaweza kuweka humo hata sanamu za plastiki za uwanja wa michezo.

Sasa swali gumu. Jeshi la Anga la Marekani hutoa namba kwa kuanza na mwaka wa fedha ambao ndege iliagizwa, kisha namba ya mfuatano. Mkiani, kwa miongo mingi, tarakimu ya kwanza ya mwaka iliachwa. Chukua F-106 Delta Dart yenye namba 58-0787, ambayo mkia wake ulisomeka 80787. Nane hiyo ingeweza kuwa 1948, 1958 au 1968. Aina ya ndege ndiyo inayoamua: F-106 iliruka mara ya kwanza Desemba 1956 na utengenezaji wake ulikwisha mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo 1958 peke yake ndiyo inayowezekana. Kwa T-33 hesabu si nyepesi hivyo, maana ziliagizwa mwaka 1948 na bado zikawa zinaagizwa 1958. Hapo ni lazima kufungua orodha za mikataba, zikiwemo zile ndefu zilizokusanywa na Joe Baugher, na kuona namba ipi ilikuwa ya T-33 na ipi ya ndege nyingine kabisa.

Ndege zilizopita umri wa miaka kumi ziliwahi kuongezewa O na kistari mbele ya namba, na macho yasiyozoea huisoma O hiyo kama sifuri. Kuanzia enzi ya Vietnam mtindo ukabadilika tena: tarakimu mbili ndogo za mwaka, kisha tatu kubwa za mwisho. Tarakimu ya elfu haionekani popote. Phantom yenye namba 66-7463, iliyotumiwa kuangusha MiG sita na sasa imewekwa kwenye Chuo cha Jeshi la Anga huko Colorado Springs, kwa mtindo huo ingesomeka 66 na 463 tu.

Wanamaji wana utaratibu wao. Namba kubwa iliyo puani mwa ndege ni ya kikosi, na hubadilika ndege ikihamishwa. Utambulisho wa kweli ni namba ya mfuatano, yenye tarakimu sita kwa jeti za enzi hiyo, iliyoandikwa kwa maandishi madogo karibu na mkia. Haina mwaka ndani yake. Orodha za wapya zimejaa namba za puani, na hazimsaidii mtu.

Kwa nini watu wajisumbue hivi kwa ajili ya namba? Hiyo 80787 inatoa jibu. Tarehe 2 Februari 1970, rubani wake Gary Foust alishindwa kuitoa kwenye mzunguko wa kuanguka, akajirusha kwa kiti. Alipoondoka, ndege ikatulia yenyewe, ikashuka taratibu, ikatua kwa tumbo juu ya theluji katika shamba karibu na Big Sandy, Montana, injini ikiwa bado inaunguruma. Ilitengenezwa, ikarudi kazini, na sasa iko Dayton. Ukiikosea namba, unabaki na F-106 moja kati ya 340.

Tatizo kubwa ni rangi. Mji unapoikarabati jeti yake baada ya miaka ishirini ya jua na theluji, namba ya zamani huwa imefutika. Mtu wa kamati anapendekeza ipakwe kwa heshima ya rubani mzaliwa wa mji, kwa alama za ndege aliyoirusha vitani, na wote wanakubali. Ni jambo la utu, na hakuna anayekusudia kudanganya. Lakini tangu siku hiyo ndege inatembea na jina la nyingine, pengine la ndege iliyoanguka Korea mwaka 1952. Tena kuna T-33 zilizotengenezwa Canada na kampuni ya Canadair, zenye injini tofauti, ambazo leo zimevaa rangi za Marekani kana kwamba zilizaliwa California.

Mnunuzi makini wa gari la mtumba Dar es Salaam haishii kwenye kibao cha namba. Huinama kutafuta namba ya chesisi. Msakaji wa jeti hufanya vivyo hivyo. Pa kuanzia ni ubavu wa kushoto, chini ya kioo cha rubani, ambako maandishi madogo yalitaja modeli kamili na namba. Modeli huishia na herufi mbili za kiwanda: LO ni Lockheed ya Burbank, NA ni North American ya Inglewood, MC ni McDonnell ya St. Louis. Maandishi hayo yakiwa yamefunikwa na rangi mpya, mwanga unaopiga kwa ulalo jioni huweza kuonyesha kingo za herufi zilizo chini yake.

Kisha kuna kibati cha chuma kilichopigwa ribiti, mara nyingi chumbani mwa rubani. Hapa kuna kizingiti ambacho wengi hawakitarajii. Kabla ya jeti kukabidhiwa kwa raia, baruti za kiti cha kujirusha huondolewa, na saa za dashibodi zilizopakwa radiamu ili zing'ae gizani huondolewa pia. Baada ya hapo chumba huzibwa ili watoto na nyigu wasiingie. Kibati chenyewe kinaweza kuwa kimeondoka pamoja na dashibodi.

Kinachobaki ni vifuniko vya matengenezo. Mafundi waliokuwa wakivifungua waliandika namba ya ndege kwa ndani ili visichanganyike na vya jirani, na ndani hakuna anayepaka rangi. Kifuniko kimoja si ushahidi, kwa sababu vilibadilishana ndege kila siku. Vitano vikitaja namba ile ile, mjadala umekaribia kwisha. Vifuniko vya sehemu ya mkia vikitaja namba nyingine kabisa, kuna uwezekano kwamba jeti hiyo iliungwa kutoka ndege mbili, na hilo ni la kawaida kuliko kamati za miji zinavyopenda kukiri. Ukaguzi huu hauwezi kufanywa kwa kurukia uzio usiku. Anayetaka kufungua kifuniko huandika barua kwa halmashauri na kusubiri. Wakati mwingine barua hiyo hiyo huibua mkataba wa kuazima uliosahaulika kabatini, nao una namba.

Namba ikipatikana, hulinganishwa na kadi ya historia ya ndege. Kadi hizo zimehifadhiwa kwenye mikrofilamu katika kituo cha historia cha Jeshi la Anga, kambi ya Maxwell, Alabama. Zimejaa vifupisho vinavyochosha, lakini zinaonyesha ndege ilihamia kikosi gani, lini, na siku iliyofutwa kwenye vitabu. Ikiwa kadi inasema ndege ilianguka mwaka 1957, ile iliyo bustanini si yenyewe. Upande wa pili husomwa magazeti ya mji, kwa sababu jeti kupita barabara kuu juu ya trela, mabawa yakiwa yameondolewa, ilikuwa habari ya ukurasa wa kwanza.

Si kila kesi ni ngumu. Wapakoneta, Ohio, alikozaliwa Neil Armstrong, kuna F5D Skylancer nje ya makumbusho yenye jina lake. Armstrong aliirusha aina hiyo alipokuwa rubani wa majaribio wa NASA. Zilitengenezwa nne tu, na zimebaki mbili. Hapo hakuna cha kutafutia vifuniko.

Hata jibu sahihi huchakaa. Rantoul, Illinois, mji ulioishi kwa kutegemea kambi ya Chanute hadi ilipofungwa mwaka 1993, ulibaki na makumbusho yenye ndege nyingi, na kati yake XB-47 namba 46-066. XB-47 zilikuwa mbili tu, na pacha wake 46-065 alikwisha kukatwa vyuma mwaka 1954. Makumbusho ya Rantoul yalifunga milango mwishoni mwa 2015. Mwaka uliofuata XB-47 ilivunjwa vipande, ikapakiwa kwenye malori hadi Edwards, California. B-58 namba 55-0666 nayo ilipelekwa Atwater, jimbo hilo hilo. Orodha zilizochapishwa kabla ya hapo bado zinaziweka zote mbili Rantoul, ndiyo maana msakaji mwenye uzoefu huandika kando ya kila namba tarehe ambayo ndege ilionekana mara ya mwisho.