Mawe ya Yuda kwenye Mizani ya Gramu

Dirii ya Goliathi ilikuwa na uzito wa shekeli 5,000 za shaba. Msomaji wa Kitabu cha Kwanza cha Samweli akifika hapo hutaka kujua jambo moja tu: ni kilo ngapi? Jibu huonekana jepesi. Tafuta gramu za shekeli moja, zidisha, andika. Kuzidisha anakuweza mtoto wa darasa la nne. Kuipata shekeli yenyewe ndiyo kazi, na wanaoifanya wana ufundi unaostahili sifa kuliko unavyosifiwa.

Ufundi huo huanzia udongoni. Katika zama za wafalme wa Yuda, kabla sarafu hazijaenea, fedha ililipwa kwa kupimwa, na upande wa pili wa mizani likawekwa jiwe. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua mawe hayo kwa mamia huko Yerusalemu, Lakishi na kwingineko: mawe ya chokaa, juu yamechongwa mviringo, chini bapa, mengi yakiwa ya karne ya 8 na ya 7 kabla ya Kristo. Baadhi yana alama ya shekeli na tarakimu za mtindo wa Kimisri. Fundi hulipima kila jiwe, akitenga lililomeguka na lililolika, kisha hugawa uzito kwa idadi ya shekeli ambazo jiwe hilo linawakilisha. Mwaka 1998 mwanaakiolojia Raz Kletter alichapisha kitabu kizima juu ya mizani na mawe ya ufalme wa Yuda. Shekeli inayotoka humo ina gramu 11.3 hivi.

Mawe hayo yamefanya zaidi ya kutupa namba. Katika 1 Samweli 13:21 kuna neno “pimu” ambalo wafasiri wa kale walilikisia tu, wengine wakadhani ni tupa ya kunolea. Mwanzoni mwa karne ya 20 yakatambuliwa mawe madogo yaliyochorwa neno hilohilo, yenye takriban gramu 7.8, yaani theluthi mbili za shekeli. Kumbe ilikuwa bei: Waisraeli walitozwa pimu ya fedha na Wafilisti kunolewa majembe yao. Kijiwe kinachoenea kiganjani kikafungua mstari uliofungwa kwa karne nyingi.

Kwa talanta, fundi huyaacha mawe na kuyasoma maandiko kama daftari la mhasibu. Kutoka 38 inasema wanaume 603,550 walitoa nusu shekeli kila mmoja. Jumla ni shekeli 301,775. Mwandishi mwenyewe anaiita jumla hiyo talanta 100 na shekeli 1,775. Ondoa hizo 1,775, zinabaki 300,000 kwa talanta 100. Basi talanta moja ni shekeli 3,000, karibu kilo 34. Aliyezoea kupima karafuu Unguja na Pemba ataielewa upesi: ni frasila mbili na ushei.

Mane, kipimo kilicho kati ya shekeli na talanta, nayo ina mgogoro wake. Ezekieli 45:12 inahesabu shekeli 20, 25 na 15, yaani 60, ilhali hesabu nyingine hukadiria 50. Ngao ndogo za dhahabu za Sulemani zilikuwa za mane tatu kila moja. Kwa mane ya shekeli 50, ngao ina kilo 1.7, kwa mane ya 60, inazidi kilo 2. Fundi mwema huyataja majibu yote mawili, kisha husema analiegemea lipi na kwa nini.

Tena kila zama zilikuwa na jiwe lake. Nywele za Absalomu zilipimwa shekeli 200 “kwa uzani wa mfalme”, na maneno hayo yanatuonya kwamba palikuwa na uzani zaidi ya mmoja. Shekeli ya fedha ya Tiro, iliyotumika kulipa kodi ya hekalu siku za Yesu, ilikaribia gramu 14. Anayeichukua shekeli ya Yuda akampimia Abrahamu wa kale au Petro wa baadaye amebadili jiwe bila kumwambia mteja.

Hapo ndipo ninapouona uzuri wa kazi hii. Zidisha 5,000 kwa 11.33 utapata kilo 56.65. Tarakimu hizo mbili baada ya nukta zinapendeza, lakini hakuna jiwe lililozitoa. Mawe yenyewe yanapishana, na msimulizi wa Samweli alitaja idadi iliyokwisha kukadiriwa. Fundi huandika “karibu kilo 57”, na neno hilo “karibu” ndilo sahihi yake. Torati inakataza kubeba mfukoni mawe mawili, kubwa na dogo. Amosi anawakemea wanaopunja kwa mizani ya udanganyifu. Sisi tunaoijua lumbesa hatuhitaji kufafanuliwa ubaya wa kipimo kilichochezewa. Lakini usahihi wa kubuni nao ni lumbesa: gunia limejazwa kupita kipimo chake ili limridhishe anayelitazama.

Basi wewe unayehubiri, unayefundisha au unayetafsiri, ukibadili shekeli kuwa gramu, taja ni shekeli ya zama zipi, kadiria namba yako, na usione haya kuandika “takriban”. Mizani ya haki huanza na anayeshika kalamu.