Ada ya Mgonjwa na Msimu wa Mavuno: Kuhakiki Hoja ya Benki ya Dunia

Mwaka 1987 Benki ya Dunia ilitoa kitabu chembamba kinachoeleza namna nchi zinazoendelea zinavyopaswa kugharamia huduma za afya. Makada wengi hawajakisoma, wala hatuwalaumu. Lakini kila aliyewahi kusimama kwenye dirisha la hospitali akidaiwa risiti kabla hajaonwa na mganga, amekutana na mafundisho yake. Kitabu kilipendekeza mambo manne: wagonjwa walipe ada, pawepo na bima, mashirika yasiyo ya serikali yatumiwe zaidi, na madaraka ya kuendesha huduma yapelekwe ngazi za chini. Katika hayo manne, la kwanza ndilo tunalotaka kulihakiki hapa.

Hoja yenyewe si ya kipumbavu, na mhakiki anayeidharau hatawasaidia wanafunzi wake. Inasema hivi: faida ya tiba humwendea zaidi mtu mmoja aliyetibiwa, kwa hiyo mtu huyo na alipe, na fedha itakayookolewa serikali iitumie kwa chanjo, kwa kinga na kwa maskini. Tukumbuke pia hali ya miaka ile. Baada ya Azimio la Arusha zahanati zilijengwa kwa wingi vijijini, lakini katika miaka ya 1980 nyingi zilikuwa na majengo na mganga, dawa hazina. Aliyeambiwa matibabu ni bure alirudi nyumbani na bure yake mkononi.

Tuulize basi: dawa zilikwenda wapi? Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta, na kuanguka kwa bei za mazao yetu vilikausha fedha za kigeni. Mwaka 1979 ujumbe wa Shirika la Fedha la Kimataifa ulikuja na masharti yake, ukaondoka bila makubaliano, na Mwalimu Nyerere, akizungumza na mabalozi mwanzoni mwa 1980, akauliza tangu lini Shirika hilo limekuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Miaka sita baadaye, mwaka 1986, tulitia saini. Mwanzoni mwa mwaka huo dola moja ilikuwa kama shilingi 17. Kufikia 1993 ilipita shilingi 400. Dawa zetu nyingi zinanunuliwa nje kwa dola. Kwa hiyo sharti la kwanza lilipandisha bei ya dawa, sharti la pili likabana matumizi ya serikali, na pengo lilipoonekana, mshauri yule yule akaja kueleza kwamba mgonjwa ndiye alizibe. Julai 1993 uchangiaji wa gharama ukaanza katika hospitali za serikali, ukateremka ngazi kwa ngazi.

Hapa ndipo uwanda wa kati unapokipinga kitabu. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na mvua yenyewe ni haba. Mkulima wa mtama, uwele, karanga na alizeti hupata fedha baada ya mavuno, kati ya Mei na Agosti. Mwezi Februari ghala limebaki sakafu, jembe liko shambani, na aliye na mbuzi humuuza kwa bei ya kutupwa ili anunue chakula. Na ni katika majira hayo ya mvua na baada yake kidogo ndipo malaria na kuhara huwaangusha watoto. Ugonjwa huja wakati fedha haipo, na fedha huja wakati ugonjwa umepungua. Ada iliyo ndogo mwezi Julai ni mlima mwezi Februari, ingawa tarakimu haikubadilika. Mtaalamu anayegawanya pato la mwaka kwa kumi na mbili hawezi kuliona jambo hili. Si mara ya kwanza: mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta Kongwa kulima karanga kwa hesabu za London, ardhi na mvua vikawakatalia, na mwaka 1951 mradi ukafungwa baada ya kuteketeza mamilioni ya paundi.

Tutajibiwa kwamba palikuwa na misamaha. Kweli, kwa mama wajawazito, watoto wadogo na maradhi kadhaa. Lakini fukara wa kawaida alitakiwa kuthibitishwa ufukara wake na viongozi wa mahali pake. Sisi tuliokaa katika ofisi za vijiji tunajua maana yake: mtu mzima aombe barua ya kuthibitisha kwamba hana kitu, mbele ya jirani zake, huku mtoto anatetemeka kwa homa. Wengi waliona afadhali kusubiri.

Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, ulikuwa na busara zaidi, kwa kuwa kaya hulipa mara moja kwa mwaka na yaweza kulipa baada ya mavuno. Hata hivyo fedha ya nyongeza ilitolewa kwa utaratibu wa tele kwa tele: palipokusanywa kingi paliongezewa kingi. Wilaya iliyokumbwa na ukame ikakusanya kidogo, ikaongezewa kidogo.

Mei 2013, huko Geneva, Rais wa Benki ya Dunia Jim Yong Kim alitamka kwamba ada za mgonjwa mlangoni si za haki wala si za lazima. Ilikuwa miaka ishirini tangu tuanze kuzitoza. Mabeberu wana sehemu yao katika lawama hii, lakini tujikosoe pia: saini ilikuwa yetu, na Chama ambacho kina shina katika kila kijiji kilikuwa na uwezo wa kuuliza habari za Februari, hakikuuliza.

Mwaka 2023 Bunge, likiwa hapa hapa Dodoma, lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Kada wa Bahi, Chamwino au Mpwapwa anaposimama kuieleza katika mkutano wa kijiji, asianze na kiasi cha mchango. Aanze na mwezi utakaodaiwa, na nani atamlipia yule ambaye mwezi wowote ule hana.