Uhakiki wa Istilahi: "Kihisi" na "Mguu"

Vimekwisha kuundwa vifaa vya kuvaliwa, ndani ya soksi au kwenye soli ya kiatu, ambavyo hupima joto na mkandamizo wa unyayo wa mwenye kisukari. Mgonjwa ambaye miguu yake imekufa ganzi hasikii kokoto wala msumari. Kifaa husikia badala yake. Mahali fulani katika unyayo mmoja pakizidi kwa joto mahali pale pale katika unyayo wa pili, kwa zaidi ya nyuzi 2.2 za Selsiasi, na hali hiyo ikadumu, hiyo huchukuliwa kuwa dalili ya kidonda kinachonyemelea.

Jina la kifaa halina matata makubwa. "Sensa" halifai, kwani tayari ni hesabu ya watu, kama ile ya mwaka 2022. "Kihisi" latosha: limetokana na kitenzi "hisi" na laeleza kazi yenyewe, mradi lisichanganywe na "kihisishi" cha wanasarufi.

Matata yako katika "mguu". Neno hili huanzia pajani likaishia vidoleni. "Kihisi cha mguu", basi, ni cha goti, cha ugoko au cha kisigino? Tumfikirie mchimbaji mdogo wa Geita au Kahama, ashindaye ndani ya mabuti ya mpira yenye maji na changarawe. Akiambiwa "kagua mguu wako kila siku", aweza kutazama ugoko akaridhika, ilhali kidonda kimejificha kati ya vidole. Na mgonjwa aliyelazwa Shinyanga, akitakiwa kutia sahihi ili "akatwe mguu", ana haki ya kujua atakatwa wapi. Wengi huko lugha yao ya kwanza ni Kisukuma. Mkalimani hawezi kufafanua lile ambalo fomu imelificha.

Pengine itasemwa kwamba muktadha hutosha. Hutosha sokoni; hospitalini hautoshi.

Kwa hiyo twapendekeza "kihisi cha unyayo" kwa kifaa hiki. Kwa kuwa unyayo ni upande wa chini tu, maelekezo ya ukaguzi yataje unyayo, kisigino, vidole na nafasi zilizo kati yake. Fomu za upasuaji nazo ziandike "kidole", "chini ya kifundo", "chini ya goti" au "juu ya goti". Maneno yote haya tunayo; kilichopungua ni uangalifu wa kuyatumia.