Wanafunzi wa Damu ya Ng'ombe

Tangu David Bruce alipoitazama damu ya ng'ombe wa Zululand mwaka 1895 na kuvibaini vimelea vya nagana, maradhi ya mifugo yaenezwayo na mbung'o, ilimu ya maradhi haya imebebwa kwa sehemu kubwa na wanafunzi wa shahada za juu, ambao majina yao ni nadra kutajwa, nao, kwa insafu, wanastahiki shukrani zetu. Mtazame mmoja wao, huko Kabete au Morogoro: hutoa damu kidogo katika mshipa wa sikio la ng'ombe, huivuta katika mrija mwembamba wa kioo, kisha huuzungusha kwa mashine hata chembe nyekundu zikatuama chini, maji ya damu yakabaki juu, na baina yao ukatokea utando mweupe, hapo ndipo, chini ya hadubini, vimelea huonekana vikifurukuta. Urefu wa safu ile nyekundu nao humjulisha kadiri mnyama alivyopungukiwa na damu. Kazi ya kuyatafiti maradhi haya yataka subira kubwa, maana kimelea hubadili gamba lake mara kwa mara na hivyo huikwepa kinga ya mwili, ndiyo sababu mpaka leo chanjo haijapatikana. Serikali zetu na ziwape hadubini njema na masurufu ya kutosha, kwani mfugaji wa nyika za mbung'o angali akiwategemea.