Die Hard: Kilichomo kwenye nyayo za McClane

Aliyekulia kwenye mabanda ya video anajua kwamba steringi hafi. Ugonjwa wa filamu za mapigano umo humohumo: kama hafi, mtazamaji ahofie nini? Die Hard ya mwaka 1988 bado inatazamika kwa sababu mwongozaji wake, John McTiernan, aliiacha salama roho ya steringi wake, John McClane, akazishughulikia nyayo zake.

Ndani ya ndege, abiria wa kiti cha jirani anampa McClane ushauri: ukifika, vua viatu na soksi, tembea kwenye zulia huku umekunja vidole. Tunacheka, tunasahau. Majambazi wanapovamia sherehe ya Krismasi kwenye jengo la Nakatomi, yuko peku, anaujaribu ushauri wenyewe. Anamuua mmoja wao, anapima viatu vyake: vidogo. Baadaye sana kiongozi wa majambazi, Hans Gruber (Alan Rickman, katika filamu yake ya kwanza ya sinema), anakutana naye uso kwa uso na kuitupia jicho miguu ile. Risasi zikianza, anaamuru vioo vya ofisi vipigwe. Mzaha wa kwenye ndege umechukua zaidi ya saa nzima kufika sakafuni.

Jengo nalo tunafundishwa polepole. Lilikuwa Fox Plaza ya Los Angeles, jipya kabisa wakati huo. Kwenye ghorofa ambayo ujenzi wake haujakamilika kuna picha ya mwanamke imebandikwa ukutani. McClane anaipita, kisha anaipita tena. Basi tumejua yuko wapi, bila ramani wala maelezo. Siku hizi picha hukatwakatwa mpaka hujui nani kampiga nani.

Ninachokihusudu zaidi ni hesabu ya Hans. Hazina ya Nakatomi ina kufuli saba, na la mwisho, la sumaku ya umeme, hana chombo cha kulivunja. Anawasubiri FBI. Anajua watafuata mwongozo wao na kuzima umeme wa jengo, na wanauzima kweli, mlango unafunguka. Kasoro hazikosi: polisi wengine, hasa naibu mkuu Robinson, wamechorwa wajinga kupita kiasi, na jambazi Karl kuibuka tena mwishoni ni ujanja wa bei poa.

Ila saa ya Holly, mke wa McClane, inafidia. Mapema kabisa Ellis, mfanyakazi mwenzake, anamhimiza amwonyeshe mumewe: Rolex, zawadi ya kampuni. Hans anapotoka dirishani anabaki ananing'inia kwenye mkono wa Holly, kaing'ang'ania saa hiyohiyo. McClane anafungua kishikizo. Kwa picha ya kuanguka, Rickman aliachiwa kweli juu ya mfuko wa hewa, tena kabla ya hesabu waliyokubaliana kumalizika. Ule mshtuko usoni hakuuigiza.